Huyu Mtoto Hasikii

Wewe unayenisikiliza, sogeza kiti karibu kidogo, maana leo sitapaza sauti. Nina hasira, na nimejifunza kwamba nikikasirika huku nikipiga kelele, watu hukumbuka kelele na kusahau jambo. Kwa hiyo nitakueleza polepole, kama ninavyowaeleza watoto darasani. Usipoelewa mahali, nirudishe nyuma. Sitachoka.

Jambo lenyewe linaanza na neno kusikia. Umelitumia leo, labda bila kulifikiria. Ukisema "nimesikia," huenda unamaanisha kwamba sauti imefika sikioni. Huenda pia unamaanisha umeelewa, au utatii. Mama akimwambia mwanawe, "Usiende ziwani, umesikia?" hamuulizi habari za masikio. Na ukimwambia jirani kwamba mtoto fulani hasikii, jirani hafikirii daktari. Anafikiria fimbo. Dholuo, lugha ya Wajaluo wa huku, nayo iko hivyo hivyo: winjo ni kusikia, winjo ni kuelewa, winjo ni kutii. Hapa kati ya Katito na ziwa, mtoto anaweza kusemwa kwa lugha mbili kwamba hasikii, mbele ya walimu waliosoma vyuoni, na asipatikane hata mmoja wa kuuliza: hasikii vipi?

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi ya huku. Sikuzaliwa hapa, kwetu ni juu kwenye mawe ya Maragoli, na kazi ndiyo iliyonileta. Msichana ninayetaka kukueleza habari zake alikuwa gredi ya tano. Mara ya kwanza kumtazama vizuri ilikuwa katika chumba cha walimu, siku mama yake alipoitwa.

Mama huyo huuza nyanya na vitunguu sokoni Katito. Alikuja amejifunga leso juu ya rinda, mikono bado ina vumbi la magunia. Aliyemwita ni mwalimu wa darasa, kijana nadhifu, mwenye bidii, anayefika kabla ya kengele na kusahihisha vitabu vyote. Nakuambia hivyo makusudi, usije ukadhani nakusimulia habari za mlevi au mvivu. Ingekuwa hivyo, hasira yangu ingepata pa kukaa.

"Mama, nimekuita tena juu ya huyu," mwalimu alisema. "Hasikii."

"Mwalimu, unaniambia mimi? Hata nyumbani hasikii. Naita, naita, mpaka jirani ndio anaitika!"

Walimu tukacheka. Mama mwenyewe akacheka kidogo.

"Ukimwambia atoe kitabu ya hesabu, anatoa ya sayansi. Ukisema simameni, wenzake wanasimama, yeye ndio wa mwisho. Ananichezea."

"Huyu amenishinda. Ndugu zake wote wanasikia, ni huyu tu. Mchape, Mwalimu. Mimi nimekuruhusu."

Sheria ya nchi hii imekataza fimbo shuleni, na kila mtu katika chumba kile alijua. Lakini fimbo ilikuwa pale pale, nyuma ya kabati, na mzazi ameruhusu. Basi wale wawili wakaagana vizuri kabisa, kila mmoja ameridhika kwamba mwenzake amemwelewa.

Msichana alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Hakununa, wala hakuangalia chini kama watoto wanaposemwa. Alikuwa akimtazama mama mdomoni, kisha mwalimu mdomoni, kisha mama tena. Mwalimu alipogeuka kuchukua chai yake huku akiendelea kusema, yule mtoto alisogea hatua moja pembeni ili auone mdomo wake.

Mtazamo ule niliujua. Nilipofika huku sikuwa na Dholuo. Walimu wenzangu wakizungumza haraka wakati wa chai, nilikuwa nawakazia macho midomoni, nikikamata neno moja hapa, moja pale, na kuyajaza mengine kwa kubahatisha. Walikuwa wakinitania, "Madam, utatumeza!" Mgeni wa lugha hutazama mdomo. Lakini huyu mtoto hakuwa mgeni. Ile ilikuwa lugha ya mama yake.

Nilirudi kwenye vitabu vya imla.

Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu hili ndilo linalohitaji kuelezwa vizuri. Watoto wa huku wana makosa yao ya imla, na mwalimu yeyote wa Kiswahili anayajua. Dholuo haina sauti ya sh wala ya z. Nikisoma, "Shangazi amepanda basi kwenda shule," nusu ya darasa itaandika "Sangasi amepanda basi kwenda sule." Ni kosa la sikio lililolelewa na lugha nyingine. Halina aibu, na linarekebishika.

Daftari la msichana huyu lilikuwa tofauti. Shule aliandika shule. Shangazi aliandika vizuri kuliko wenzake. Lakini basi likawa "pasi," na bata akawa "mata." Sentensi iliyosema "Punda anabeba mizigo" yeye aliiandika "Munda anapepa pizigo." Wenzake walikuwa wameichukua sentensi hiyo wakaifanya wimbo, wanauimba wakati wa mapumziko huku wakijishika tumbo.

Sasa fanya hivi. Sema bata, pata, mata, bila kutoa sauti, mtu akikutazama. Midomo inafumba na kufumbuka kwa namna ile ile. Ukiwa unasikia, maneno hayo ni matatu. Ukiwa unatazama tu, ni neno moja. Lakini ukisema shule, midomo inachongoka, na mwenye macho makali anaiona sh hata kama sikio halijaipata. Mtoto yule hakuwa akiandika nilichosema. Alikuwa akiandika alichoona. Alikuwa ameisoma imla usoni pangu kwa mihula yote hiyo, akipata alama za chini, akichekwa na kuchapwa, na bado kila wiki anakaa na kalamu yake tayari.

Siku iliyofuata nilimkuta akifuta ubao. Nikasimama nyuma yake, nikamwita kwa jina. Akaendelea kufuta. Nikaita tena, kwa sauti ya kuwafikia walio uwanjani.

"Madam, unajisumbua!" mwanafunzi mmoja akaniambia kutoka dirishani. "Huyo hana network!"

"Mpigie siku nyingine!" akadakia mwingine, na kicheko kikalipuka.

Nikakanyaga sakafu kwa kisigino. Hapo akageuka mara moja, kwa woga, mikono ikiwa tayari usoni kujikinga. Nilipomsogelea nilisikia harufu, nikaona pamba katika sikio la kushoto, imelowa rangi ya manjano. Nilimuuliza, uso kwa uso, ni tangu lini. Akaonyesha kwa mkono urefu wa mtoto anayeanza kutembea.

Huku kwetu watoto wengi hutoka usaha masikioni, na watu hukuambia sikio litakauka lenyewe mtoto akikua. Lisipokauka, mama hutia pamba ili harufu isiwasumbue wageni.

Nilimwendea mwalimu mkuu. Nikueleze kwanza kuhusu geti letu. Muda mfupi kabla ya hapo, mwalimu mkuu alikuwa amehudhuria warsha ya elimu jumuishi katika hoteli moja Kisumu, akarudi na kofia, begi na neno jipya. Alimwita mchoraji, na geti likaandikwa kwa rangi ya buluu: KILA MTOTO ANA NAFASI HAPA. Wageni hupiga picha pale.

"Madam," aliniambia baada ya kunisikiliza, "wewe ni mwalimu wa Kiswahili ama daktari?"

"Ndiyo maana nataka apelekwe kwa daktari."

"Kama ni kiziwi, kuna shule za viziwi. Hapa si mahali pake. Mwakani wako gredi ya sita, kuna mtihani. Unataka atuangushie shule?"

Sina neno baya juu ya shule za viziwi. Kuna watoto ambao lugha ya ishara ndiyo iliyowafungua, na natamani kila anayeihitaji angeipata karibu na kwao. Lakini huyu hakuwa amepimwa na mtu yeyote. Hakuna aliyejua anasikia nini na hasikii nini. Alitakiwa aondoke tu, kimya kimya, apite chini ya maandishi ya buluu na asirudi.

Mwalimu mkuu alimwita mama, akamwambia amtafutie mtoto "shule ya wale" kabla ya muhula ujao. Mama hakubishana. Alikwenda nyumbani akatafuta jawabu lake mwenyewe, na nilipomfuata sokoni Katito alikuwa ameshalipata.

"Ana shangazi yake Otonglo, ako na kibanda pale barabarani. Atakaa na yeye amsaidie kuuza."

"Na shule?"

"Mwalimu, shule si ndio imemkataa? Kuuza nyanya haitaki masikio. Inataka mikono tu."

"Mteja akiuliza bei?"

"Atanyosha vidole!" alijibu jirani yake, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kabla mama hajafungua mdomo. Wakagonganisha mikono wakicheka, lakini nilimwona mama akiacha kucheka kabla ya mwenzake.

Nikamwomba siku moja tu. Twende Kisumu hospitalini, apimwe, kisha Otonglo iko njia ile ile ya mbele, nikishindwa mimi mwenyewe nitamsindikiza. Akapanga nyanya zake upya, mafungu yaliyokuwa yamepangwa tayari. Halafu akasema, "Iwe siku si ya soko."

Daktari aliyempima alikuwa mtu wa maneno machache. Alisafisha sikio la kushoto, akalitazama kwa taa yake, kisha la kulia. Baadaye akakaa mbele ya msichana na kumuuliza kwa Dholuo jina lake, anaishi wapi, anapenda chakula gani. Msichana akajibu vizuri, mama akaniangalia kana kwamba nimemleta bure. Kisha daktari akainua karatasi na kufunika mdomo wake, akauliza maswali yale yale kwa sauti ile ile.

Msichana hakujibu. Alijaribu kuinama achungulie chini ya karatasi.

"Rudia," mama alisema.

Daktari akarudia. Akashusha karatasi, mtoto akajibu. Akaipandisha, mtoto akanyamaza. Mama akasimama, akaichukua karatasi mkononi mwa daktari, akafunika mdomo wake mwenyewe na kumwita mwanawe kwa jina. Aliita kama mtu anavyoita kutoka jikoni. Mtoto alikuwa anamwangalia macho tu, akitafuta kwenye uso wa mama yake kujua amekosa nini safari hii.

Tulielezwa kwamba ngoma ya sikio la kushoto ilikuwa imetoboka kwa usaha wa miaka. La kulia lilikuwa na uhai: sauti ikiwa karibu, na mdomo ukionekana, angeweza kufuata masomo. Akapewa dawa, na sikio lisiingie maji. Akae mbele darasani, sikio la kulia likimwelekea mwalimu. Baadaye wangetazama kama kifaa cha kusikia kingemfaa. Ni hayo tu. Hayo ndiyo yaliyokuwa yamegharimu utoto mzima.

Nje kwenye korido mama aliketi. "Kumbe hakuwa ananidharau," alisema.

Nikaanza kumtuliza. Nilisema hakuna aliyejua. Akanigeukia.

"Hakuna aliyejua? Mimi niliwaambia. Nilikuja kwa shule yenu, nikakaa kwa kiti yenu, nikawaambia na mdomo yangu: hasikii. Hata mkacheka. Nyinyi mmesoma. Kwani neno hasikii mmesomea nini?"

Swali hilo natembea nalo mpaka leo. Ndiyo maana nakusimulia.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano wa wazazi. Huwa unakuwa mrefu: sala, hotuba, choo kipya, uji wa watoto, hotuba nyingine. Kufikia mwisho watu wanatazama mawingu. Mwalimu mkuu alipouliza kama kuna lolote, mama huyu akainuka kutoka safu za nyuma. Sikuwa nimempanga, sikujua hata kama amekuja.

"Mimi niko na jambo."

"Mama, hiyo yako tutaongea ofisini."

"Ofisini ndio tuliharibu, Mwalimu. Tuongee hapa."

Wazazi wakaguna kwa kicheko, na mawingu yakasahauliwa.

"Mtoto wangu hasikii," alisema. "Msinielewe vibaya. Sisemi ni mkaidi. Nasema hii." Akalishika sikio lake mwenyewe akalivuta, watu wote waone. "Hii nyama. Imeharibika, daktari ameona. Na nimempiga kwa sababu yake, na mwalimu amempiga, na sasa mnasema aondoke. Mimi nauliza wenzangu. Nani mwingine ameambiwa na hii shule mtoto wake hasikii?"

Mwalimu mkuu akaanza kusema kwamba muda umekwisha. Kisha mzee mmoja, anayelea mjukuu wake, akasimama bila kusema lolote. Mama mwingine akasimama, huku akifunika mdomo kwa leso. Baba mmoja kijana alibaki ameketi lakini akainua mkono nusu, kama mtoto asiye na hakika ya jibu.

"Yawa, jamani!" mtu akasema kutoka nyuma. "Na pale kwa geti mmeandika nini?"

Niliyaona yale na nikajisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia katika kazi hii. Wangapi wameshapita? Wangapi wako Otonglo, wangapi Ahero kwenye mashamba ya mpunga wakifukuza ndege, na wakiulizwa kwa nini waliacha shule wanasema wenyewe, nilikuwa sisikii? Wamelikubali neno hilo. Wanalibeba kama jina la ukoo.

Mwalimu mkuu alisema msichana anaweza kubaki "kwa sasa." Mama akamwambia kwamba yeye hajui kwa sasa ni lini inaisha, na kwa hiyo atakuwa akija kuuliza kila siku isiyo ya soko. Na alikuja. Otonglo ikanyamaza.

Ungependa niishie hapo, na mimi ningependa. Lakini kubaki darasani na kufundishwa ni mambo mawili. Mwalimu wa darasa aliacha fimbo. Alimhamishia msichana mbele, upande unaofaa. Halafu akaendelea kufundisha kama alivyozoea, mgongo kwa watoto, akiandika na kusema kwa wakati mmoja, maneno yote yakiingia ubaoni. Nilipomweleza akaniuliza, kwa upole, "Madam, nimgeukie mmoja niache arobaini?" Nilimwambia kwamba akigeuka, wote watamwona, hata arobaini. Akasema mtaala ni mrefu.

Walioshindwa kuvumilia ni watoto. Wale wale wa network. Sijui kilichowabadilisha; huenda ni kwamba mkutanoni walikuwa wamechungulia madirishani wakamwona mama wa mwenzao akilivuta sikio lake. Siku moja nikiwa darasa la jirani, nilisikia kupitia ukutani mtoto akipaza sauti: "Geuka, Mwalimu!"

Chaki ikanyamaza. "Nani amesema?"

Niliujua ukimya uliofuata. Ni ukimya wa watoto wanaosubiri adhabu ya wote.

"Nauliza, ni nani?"

Kisha ikaja sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia darasani, kubwa kupita kiasi, ya mtu asiyejua sauti yake inafika wapi.

"Ni mimi, Mwalimu. Sioni maneno."

Hakuwa yeye aliyepiga kelele mwanzo. Kila mtu alijua. Niliacha darasa langu nikaenda mlangoni, tayari kusimama katikati kama ingehitajika. Haikuhitajika. Mwalimu alikuwa amegeuka. Alimtazama yule msichana kwa muda, chaki mkononi, na yeye akimtazama mdomoni, akisubiri. Kisha mwalimu akaiweka chaki juu ya meza na kurudia swali la hesabu tangu mwanzo, polepole, uso ukiwa mbele.

Hakuwa wa kwanza darasani mwaka ule, na sitakudanganya kwamba alikuwa. Sikio bado hutoka maji mvua zikizidi. Yuko gredi ya sita sasa na anaudhi kwa maswali. Hasira yangu haijapoa, kwa sababu geti bado limeandikwa na hakuna aliyepima masikio ya watoto wengine wale; mzee yule bado anasubiri nauli ya kwenda Kisumu na mjukuu wake.

Lakini wewe umekaa nami mpaka hapa, na pengine kesho utasimama mbele ya watoto, darasani, kanisani au nyumbani kwako. Huhitaji warsha kwa hili. Ukiandika ubaoni, funga mdomo. Maliza kuandika, weka chaki chini, geuka, hakikisha wanakuona uso, ndipo useme.